Damu nyingi, sigara, na mguu unaokaza kwenye kilima cha feri

“Salaam aleikum daktari. Mimi ni mwanamume wa miaka 47, mkaazi wa Mtongwe, karani bandarini. Nimevuta sigara tangu kidato cha pili, paketi moja kwa siku, ila tangu mwezi uliopita nimepunguza hadi tano. Kazini tulipimwa afya nikaambiwa damu yangu ni nyingi mno: Hb 18.7, hematokriti asilimia 55, chembe nyeupe 12.4, zile za kugandisha 298. Kidole kilibanwa kimashine kikasoma oksijeni 98. Kliniki ya kwanza ilinipa antibayotiki, chembe nyeupe hazikushuka. Ya pili ikasema damu ni nzito, niache sigara, basi. Mama asema damu nyingi ni neema. Shemeji asema nikaumikwe. Jirani amenipa aspirini ndogo nimeze kila siku. Nimesoma kwenye simu kwamba yaweza kuwa saratani ya damu, na usingizi umeniruka. Sina maradhi mengine, isipokuwa shavu la mguu wa kushoto hukaza nikipanda kilima cha feri asubuhi. Nikisimama dakika mbili hutulia. Nadhani ni umri na kusimama sana kazini. Je, ni saratani? Niumikwe? Aspirini niendelee nayo? Hizo sigara tano zina neno? Mke wangu ashauri niwe nachukua tuktuk pale kilimani nipumzishe mguu.”

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Umeniuliza maswali manne na la tano la mkeo. Linalokunyima usingizi ni la saratani, na nitalijibu. Lakini nakwambia mapema kwamba katika barua yako yote, kilichonishtua si Hb 18.7. Ni ile habari ya shavu la mguu, uliyoiweka mwishoni kama kachumbari pembeni ya biriani. Tutaifikia. Ili uone inavyohusiana na karatasi yako ya maabara, lazima kwanza nikueleze sigara inafanya nini ndani ya damu.

Mama hakukosea kwa aliyoyaona maishani mwake. Huku kwetu Pwani tumezoea damu kupungua: malaria kwa watoto, minyoo, uja uzito, selimundu katika koo kadha wa kadha. Mtu akiambiwa damu yake ni nyingi, ni kama kusifiwa. Ila damu ina kiasi chake. Mwanamume mzima huwa na himoglobini, hiyo Hb, kati ya 13 na 17 hivi, na hematokriti kati ya 40 na 50. Hematokriti 55 maana yake katika kila mililita 100 za damu yako, 55 ni chembe na zilizobaki ndiyo majimaji ya kuzielekeza njia. Uzito wa damu nao haupandi pole pole kwa hatua zilizo sawa. Kutoka 45 hadi 50 moyo huhisi kidogo, kutoka 50 hadi 55 huhisi sana.

Chembe hizo zimeongezeka kwa nini? Umesikia habari za bara wakati wa baridi, watu waliofunga madirisha wakalala na jiko la makaa chumbani, wasiamke. Kinachowaua ni hewa ya kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, na kila kitu kinachoungua bila hewa ya kutosha huitoa. Ncha ya sigara ni jiko dogo la namna hiyo, tofauti ni kwamba wewe mwenyewe ndiye unayevuta moshi wake hadi ndani.

Chukulia himoglobini kuwa feri, na oksijeni kuwa abiria wanaovuka kutoka mapafuni kwenda kwenye nyama za mwili. Abiria wa oksijeni ana adabu: apanda, avuka, ashuka. Kaboni monoksidi apanda, akae, asishuke ng'ambo. Huishika himoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ana ubaya wa pili ambao watu hawaujui: akishakaa, hata wale abiria wa oksijeni waliobaki katika feri ile ile hushuka kwa shida, kana kwamba amewashika nguo. Kwa mvutaji wa paketi moja kwa siku, asilimia 5 hadi 10 ya himoglobini yake kwa kawaida imekaliwa hivyo. Kwa asiyevuta haizidi 2 hivi.

Hapo ndipo penye jibu la ile 98 yako. Kimashine cha kidoleni hupitisha mwanga na kusoma rangi ya damu, na damu iliyobeba kaboni monoksidi nayo ni nyekundu ya kung'aa. Kimashine hakina uwezo wa kutofautisha. Kinahesabu viti vilivyokaliwa, hakisemi aliyekalia ni nani. Kwa mvutaji wa sigara, 98 haimaanishi kwamba miguu inapata oksijeni yake.

Figo ndizo zinazojua. Zikihisi oksijeni inapungua, hutuma homoni iitwayo erithropoietini kwenye uboho wa mifupa: ongeza chembe nyekundu. Uboho haujui habari za sigara, unaloagizwa ndilo unalotenda. Basi feri zinaongezwa, na mkondo wa Kilindini ni ule ule. Juu ya hayo, sigara hupunguza majimaji ya damu yenyewe, kwa hiyo uwiano unazidi kuharibika pande zote mbili. Kwani ulipimwa saa ngapi? Kama ni alasiri baada ya siku nzima kwenye jua la bandari bila kunywa maji, au ukiwa umefunga, sehemu ya hiyo 55 ni kiu tu. Rudia kipimo asubuhi, ukiwa umekunywa maji vya kutosha tangu jana yake. Sitarajii kirudi kawaida, lakini kiasi gani kimeshuka kitatuambia jambo.

Chembe nyeupe zako hazikushuka kwa antibayotiki kwa sababu hakukuwa na kidudu cha kuuawa. Moshi huunguza mapafu kidogo kidogo kila siku, na mwili huchukulia kwamba kuna vita visivyokwisha, ukatoa askari wengi kuliko wa kawaida. Hesabu ya 11, 12, hata zaidi kidogo, kwa mvutaji asiye na homa wala kikohozi kipya, naiona kila mara. Naona pia kila mara watu waliokwisha kumeza dawa za kila aina kwa ajili yake. Swali la “wavuta sigara?” lingeokoa pesa nyingi. Lakini usidhani askari hao hawana madhara. Wakiwa wengi na wamekasirika hunata kwenye kuta za mishipa na kuziongezea jeraha.

Sasa kuganda. Damu imepewa kazi mbili zinazopingana: itiririke miaka yote bila kusimama, na igande papo hapo ukijikata ukimenya muhogo. Wanaosimamia kuganda ni chembe sahani, hizo 298 zako. Idadi yako ni ya kawaida kabisa, maana kawaida ni kati ya 150 na 450. Hapa ndipo wengi hudanganyika na karatasi ya maabara. Idadi haisemi tabia.

Ukuta wa ndani wa mshipa wenye afya ni laini, na daima hutoa kemikali mbili, oksidi ya nitriki na prostasaiklini, zinazoziambia chembe sahani: piteni, hapa hapana kazi. Moshi huuchubua ukuta huo na kupunguza kemikali zote mbili. Wakati huo huo nikotini hupandisha adrenalini, na adrenalini huzichokoza chembe sahani ziwe tayari kunata kwa sababu ndogo. Kisha ini hutoa fibrinojeni kwa wingi zaidi. Hiyo ndiyo nyuzi zinazofuma bonge la damu. Mvuvi wa Mtongwe atanielewa nikisema uzi wa jarife umejaa majini, wasubiri kufumwa tu. Na mwishowe, kile kimeng'enya ambacho ukuta wa mshipa hukitoa ili kuyeyusha mabonge madogo kabla hayajawa makubwa hutoka kwa uchache. Kwa hiyo mvutaji ana damu iliyo nzito, chembe zenye hasira, nyuzi nyingi, na msafishaji mvivu, yote katika mshipa uliochubuka.

Ndiyo maana shavu la mguu limenishtua.

Soma tena ulivyoandika: hukaza ukipanda, hutulia ukisimama dakika mbili. Uchovu wa kusimama hauji hivyo. Uchovu wa kusimama huanza jioni, hauna kilima chake maalumu, na kusimama huuzidisha, hakuutulizi. Maumivu yanayokuja kwa mwendo uleule, mahali palepale, yakaondoka kwa kusimama, ni lugha ya nyama iliyokosa damu. Ukiwa umekaa, mshipa uliopungua upana hupitisha kinachotosha. Ukipanda kilima, nyama za shavu la mguu zataka damu mara kadhaa zaidi, mshipa hauwezi, nyama zalia. Ukisimama, deni lalipwa, maumivu yaondoka. Hali hii ni kuziba kidogo kidogo kwa ateri za miguu, na sigara ndiyo mchokozi wake mkubwa kuliko wote, pamoja na kisukari. Nawe hukuniambia kama umepimwa sukari. Kapime, pamoja na presha na mafuta ya damu.

Sijakugusa mguu, kwa hiyo siwezi kusema kwa hakika. Mgongo pia huweza kubana mishipa ya fahamu na kuleta maumivu ya kufanana, ingawa hayo mara nyingi hutulia ukikaa au ukiinama, si kwa kusimama tu. Jambo hili huamuliwa kwa kipimo rahisi kisicho na sindano. Unalala, unapimwa presha ya mkononi na ya kwenye kifundo cha mguu, ya mguu inagawanywa kwa ya mkono. Kwa mtu mzima mwenye afya jibu huwa 1 au zaidi kidogo. Chini ya 0.9, ateri za mguu zina tatizo. Daktari aliyezoea kazi hii ataanza hata kabla ya kipimo, kwa kushika mapigo ya damu kinenani, nyuma ya goti na juu ya unyayo, na kulinganisha kushoto na kulia. Mwambie wazi: naumwa shavu la mguu nikipanda, hutulia nikisimama. Usianze na karatasi ya Hb, maana karatasi itamvuta macho kama ilivyokuvuta wewe.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu mtu mwenye ateri za mguu zilizopungua mara nyingi ana za moyo na za ubongo zilizopungua vilevile. Wengi wao hawafi kwa mguu, wanakufa kwa moyo au kwa kiharusi. Mguu ni mwizi aliyejikohoza. Kumsikia mapema ni bahati.

Tuje kwenye saratani. Upo ugonjwa uitwao polisaithemia vera, ambao uboho hutengeneza chembe nyekundu bila kuagizwa na figo. Ni katika jamii ya saratani za damu, lakini ya mwendo wa pole, na wengi huishi nao miaka mingi wakitibiwa. Nimesema “bila kuagizwa”, na hapo ndipo tunapowatenganisha. Kwa mvutaji, homoni ya figo huwa ya kawaida au imepanda, maana figo ndizo zinazoomba. Kwa mwenye polisaithemia, homoni huwa chini, kwa kuwa figo zimenyamaza na uboho unaendelea peke yake. Tena karibu wagonjwa 95 kati ya 100 wa polisaithemia wana badiliko katika jeni iitwayo JAK2, linaloonekana kwa kipimo cha damu. Dalili nazo husaidia: kuwashwa mwili mzima baada ya kuoga, hasa maji ya moto, viganja na nyayo kuwaka moto na kuwa vyekundu, kujaa chini ya mbavu za kushoto kwa sababu bandama imevimba, chembe sahani kupanda juu ya kawaida. Hukutaja hata moja, na za kugandisha zako ziko katikati ya mstari.

Kwa hiyo nikiwekewa bilauri ya maji ya madafu nikaulizwa nichague, nachagua sigara kuwa ndiyo sababu. Lakini kuna njia mbili za kuendelea, na zote zina uzito wake. Ya kwanza ni kuacha sigara kabisa na kurudia kipimo baada ya miezi mitatu au minne, maana chembe nyekundu huishi siku kama 120, na zile za ziada zitakuwa zimekufa bila kuzaliwa nyingine mahali pake. Kwa mtu mwenye 52 asiye na dalili yoyote, ningeridhika na hilo. Ya pili ni kupima homoni na JAK2 sasa hivi. Bei ya JAK2 si ya mchezo, na mara nyingi damu husafirishwa maabara nyingine. Kwa wewe mwenye 55 pamoja na mguu unaolia, ningeipima sasa, kwa sababu ikitokea ni polisaithemia, matibabu yake ni tofauti: huteremshwa hematokriti hadi chini ya 45 kwa kutolewa damu hospitalini, na aspirini huwa sehemu ya dawa. Miezi mitatu ya kusubiri katika hali hiyo ni mingi. Mwombe daktari pia akuulize unavyolala. Wanaokoroma na kukatika pumzi usiku nao hupandisha Hb, na huyo aghalabu mkewe ndiye shahidi.

Shemeji naye ana mantiki yake: damu imezidi, itolewe. Sipingani na hijama, huko kuumikwa, kwa anayeifanya kwa nia ya dini. Napingana na hesabu. Vikombe vya mgongoni hutoa damu kidogo tu, ilhali mtu anayechangia damu hutolewa mililita 450 hivi kwa mara moja. Na hata tungekutoa hizo 450, maadamu figo zinaendelea kulalamika uboho utajaza tena. Ni kukumba maji ngalawani na tundu hujaliziba. Ukiamua kuumikwa hata hivyo, nakusihi mambo mawili. Wembe uwe mpya, ufunguliwe mbele ya macho yako, kwa sababu ya homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Na usikubali kabisa kuchanjwa mguu ule. Mguu usiopata damu ya kutosha hauponyi vidonda, na chale ndogo juu ya unyayo imekwisha kuwapeleka watu kwenye kisu cha kukata.

Aspirini ya jirani, nisikilize vizuri, kwa sababu jibu langu lina pande mbili. Aspirini haipunguzi uzito wa damu, ingawa kila mtu husema “ya kupunguza damu”. Hb yako itabaki ileile. Inachofanya ni kuziba njia moja inayotumiwa na chembe sahani kuitana, na chembe iliyozibwa hubaki hivyo maisha yake yote, siku 7 hadi 10. Kwa mtu mzima asiye na maradhi ya mishipa, kuimeza kila siku huongeza kutoka damu tumboni kiasi cha kufuta faida yake. Lakini ikithibitika ateri zako zimepungua, daktari pengine atakuandikia yeye mwenyewe aspirini au dawa ya ukoo wake, pamoja na dawa ya mafuta ya damu, kwa sababu hapo mizani inageuka. Kwa hiyo isimamishe sasa, upimwe, kisha uanzishwe na anayejua kama una vidonda vya tumbo. Jambo jingine, la hapa kwetu hasa: Mombasa tumepata milipuko ya dengue mwaka 2013, 2017 na 2021, na dengue hushusha chembe sahani. Mtu mwenye homa ya dengue akimeza aspirini anajiongezea hatari ya kutokwa na damu. Homa ikikushika, aspirini ya kujinunulia iache kando, wala usiimeze kutuliza maumivu ya viungo.

Na zile sigara tano? Nakupongeza kwa kushuka kutoka ishirini, si kazi ndogo baada ya miaka thelathini. Lakini damu haihesabu kama duka. Mwaka 2018 jarida la tiba la BMJ lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 141, ukaonyesha kwamba mwanamume anayevuta sigara moja tu kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya moyo aliyo nayo wa sigara ishirini. Moja! Saratani ya mapafu hufuata hesabu zaidi, kumi ni nafuu kuliko ishirini. Chembe sahani hazifuati, zinahitaji kuchokozwa kidogo tu. Isitoshe, aliyepunguza huvuta kwa uchu, pumzi ndefu, mpaka kichungi kiungue vidole, na kaboni monoksidi haishuki kwa kiasi anachodhani. Tano ni ngazi ya kushukia. Ukijenga nyumba hapo juu ya ngazi, mguu hautaona tofauti kubwa. Zile zinazoitwa nyepesi usihangaike nazo, moshi ni moshi. Shisha ndiyo mbaya zaidi kwa hewa hii, kwa kuwa makaa yenyewe yanaungua juu ya tumbaku, na kikao kimoja cha saa nzima huingiza kaboni monoksidi nyingi kuliko sigara. Haikupigwa marufuku Desemba 2017 kwa kuonewa.

Kuacha kabisa kuna malipo ya haraka kuliko watu wanavyodhani. Nikupe hesabu unayoijua tayari mwilini mwako. Kaboni monoksidi hupungua nusu kila baada ya saa nne au tano. Ukifunga Ramadhani hapa Mombasa, kutoka alfajiri hadi magharibi ni saa 13 na kitu: nusu, robo, thumuni. Yaani inapoadhiniwa magharibi damu yako karibu imesafika. Wengi kisha huifungua kwa tende na sigara, na hapo ndipo chembe sahani, zilizokuwa zimetulia mchana kutwa, hupigwa kofi. Kwa hiyo usiniambie huwezi kukaa saa 13. Umekwisha kuzikaa siku 29 au 30 kila mwaka. Kazi yetu ni zile saa za usiku.

Baada ya siku mbili bila sigara, kaboni monoksidi imekwisha. Baada ya wiki mbili, chembe sahani zilizoonja moshi zimekwisha kufa na kuzaliwa nyingine. Fibrinojeni na chembe nyeupe hushuka wiki kwa wiki, miezi kwa miezi. Hematokriti ndiyo ya mwisho. Ukuta wa mshipa uliokwisha kunenepa haurudi ulivyokuwa, lakini huacha kuharibika kwa kasi ile, na hilo kwa mguu ni jambo kubwa.

Usijaribu kwa ubishi peke yake. Nikotini ya plasta au ya jojo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Najua utasema, “si nikotini ileile?” Ni nikotini, ndiyo, lakini inaingia pole pole, haina kaboni monoksidi, haina moshi wa kuchubua mshipa. Hata wagonjwa wa moyo huitumia kwa uangalizi. Jojo yake haitafunwi kama jojo za watoto: tafuna mpaka uhisi ukali, iweke shavuni, ngoja, tafuna tena. Zipo pia dawa za vidonge, bupropioni na vareniklini, ambazo lazima daktari aziandike. NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, wana simu ya bure, 1192, ya kuzungumza na mshauri. Na uwe mkweli kuhusu vikao. Kama sigara yako hukaa pamoja na majani ya muguka barazani, si sigara tu inayobidi ihame. Muguka huendesha moyo mbio na kupandisha presha, na sijamwona aliyeacha kimoja akibaki na kingine akadumu. Kahawa tungu na kashata hazina neno, kama utaweza kuzinywa mkono mwingine ukiwa mtupu.

Kuna hali ambazo hazisubiri miadi wala jibu langu. Mguu ukiwa baridi ghafla, ukabadilika rangi, ukafa ganzi na kuuma hata umelala, bonge limeziba ateri na saa ni chache: nenda hospitali, Makadara, usiku huohuo, usisugue dawa wala kuukanda. Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na kuuma bila kupungua, hasa baada ya safari ndefu, hilo ni bonge katika vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, nalo likichomoka hukimbilia mapafuni. Kifua kubana, pumzi kukatika, mdomo kwenda upande, mkono kulegea, ulimi kuwa mzito: gari, hospitali. Na kama shavu la mguu litaanza kukuamsha usiku mpaka uuning'inize nje ya kitanda ndipo utulie, au kidole cha mguu kikafanya kidonda kisichopona wiki mbili, maradhi yameshapiga hatua nyingine. Katika hali hizi mbili za mwisho, usimalize wiki hujaonwa.

Limebaki la mkeo na tuktuk. Mshukuru kwa huruma yake, lakini baada ya daktari kukuona na kuridhika kwamba moyo uko salama, kilima kile ndicho dawa. Mguu wa namna hii hutibiwa kwa kutembezwa: tembea mpaka maumivu yawe makali kiasi, simama yaishe, tembea tena, nusu saa hivi kwa jumla, angalau mara tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu. Nyama hujifunza kutumia damu kidogo kwa ufundi zaidi, na wengi hupata kutembea masafa marefu zaidi kabla ya kusimama. Tafuta alama. Leo unasimama mbele ya kibanda gani? Kiweke kichwani. Watu wa feri watakupita kwa haraka zao, waache wapite. Shika ukingo, subiri zile dakika mbili, kisha panda.